Droo ya Wasiorudi

Kaka alipofika sehemu ya pazia katika hadithi yake, Kimya alijua neno litakalofuata kabla halijatoka. Alijua pia kwamba kabla ya neno hilo kungekuwa na pumzi moja ndefu, kisha kicheko kidogo cha puani, kama cha mtu anayejicheka mwenyewe. Pumzi ikaja. Kicheko cha puani kikaja. Wageni mia mbili wa harusi wakaacha kutafuna.

"Basi huyu mdogo wangu," Kaka akasema kwenye kipaza sauti, "yuko nyuma ya pazia, amevaa miwani ya marehemu, anaongea peke yake kwa sauti ya marehemu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kaka hakuwapa nafasi ya kupumua. Akaigiza mlango ukifunguliwa. Akaigiza mjane akiingia dukani kufuata miwani ya mumewe, mume aliyemzika kwa mikono yake, na kuisikia sauti ya mume huyohuyo ikinung'unika nyuma ya pazia. Akaigiza bibi akigeuka, akikimbia, akiacha kiatu kimoja kizingitini na kingine barabarani. "Mpaka leo miwani haijafuatwa," akamalizia. "Na viatu pia." Bwana harusi aliinamisha kichwa mezani, mabega yakimtikisika. Bibi harusi alijifuta machozi kwa ncha ya kitambaa ili wanja usimwagike.

Mwanamke aliyeketi karibu na Kimya alimgusa mkono. "Huyo mdogo wake Kengele, wewe unamjua? Eti ni kweli ana wazimu?"

Kengele lilikuwa jina la Kaka la kazini. Kila mtu aliyewahi kuoa au kuozesha katika mji ule alimjua Kengele mshereheshaji. Mama, aliyekaa upande wa pili wa Kimya, akamjibu mwanamke yule haraka, "Utani tu huo, dada." Kisha akaanza kupanga vijiko ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Kimya hakuona aibu mwanzoni. Aibu ilikuja baadaye, polepole. Kilichomshika kwanza ni ile pumzi. Ilikuwa pumzi yake. Aliivuta yeye wiki mbili nyuma, sebuleni kwa Mama, simu ya Kaka ikiwa katikati ya meza inarekodi.

Kimya alifanya kazi katika duka la miwani. Mbele, Mpimaji, ambaye ndiye mwenye duka, aliwakalisha watu mbele ya ubao wa herufi na kuwapima macho. Nyuma, ng'ambo ya pazia la kijani, Kimya alikata lenzi. Alitia nukta katikati ya lenzi, akaibana kwenye mashine, akaisaga kingo huku maji yakichuruzika, kisha akaiweka kwenye fremu na kuitazama dhidi ya mwanga. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka minne na ilimfaa, kwa kuwa lenzi haimuulizi mtu chochote.

Jina la Kimya alipewa nyumbani akiwa binti wa miaka mitano. Mama alikuwa na mzaha wake, kwamba Kaka alipopita tumboni alibeba maneno ya watoto wawili, ndiyo maana mdogo wake alikuta ghala tupu. Wageni walicheka. Kimya pia alicheka. Alipofika miaka ishirini na sita alikuwa bado mtu wa kushuka kituo kisicho chake kuliko kumwambia dereva asimame.

Lakini kwenye meza yake ya kazi kulikuwa na droo ya tatu. Humo ndimo ilimokaa miwani iliyokwisha kutengenezwa ambayo wenyewe hawakurudi kuichukua. Kila moja ilikuwa ndani ya bahasha yenye jina, namba ya simu na tarehe. Kanuni ya duka ilikuwa miezi sita. Ikipita, Mpimaji aling'oa lenzi na fremu ikarudi kabatini. Kimya ndiye aliyetakiwa kuifuta vumbi ile miwani kila wiki, na siku moja, wakati wa mapumziko ya mchana, Mpimaji akiwa ametoka kwenda kula, aliivaa moja ili aone kama mikono yake imekaa sawa masikioni. Ilikuwa ya mwalimu wa hesabu, mtu aliyezungumza kana kwamba dunia nzima imekosea hesabu na yeye ameachiwa kuisahihisha. Kimya alijitazama kwenye kioo kidogo, na sauti ya yule mwalimu ikamtoka.

Alishtuka. Kisha akaendelea.

Baada ya hapo ikawa kila mchana. Alikuwa mama wa benki aliyesema "sawa" kwa namna saba, na kila sawa ina maana yake. Alikuwa kijana muuza magari aliyejiita mkuu. Hakuwa akiwadhihaki. Aliwakumbuka jinsi walivyokaa kwenye kiti cha Mpimaji na kuogopa kukosea herufi, akawapenda kwa hofu hiyo, na mapenzi hayo yakamfungua mdomo. Kwa nusu saa kwa siku alikuwa mtu mcheshi, mkali, mbishi, mwenye maneno ya kumwaga. Mashine ikiwashwa tena, alirudi kuwa Kimya.

Aliyempenda zaidi ni Mzee mmoja aliyekuja na mkewe, akabishana na ubao wa herufi. "Hiyo si herufi," alimwambia Mpimaji. "Huo ni uzembe wa mchapaji." Alijaribu fremu kumi na tisa. Alipoipata ya kahawia iliyomkaa, aliishukuru sura yake kwenye kioo kwa uvumilivu. Miwani yake ilikuwa tayari baada ya siku nne, lakini hakurudi. Namba yake haikupatikana. Miezi sita ilipotimia, Kimya alichukua kalamu na kuisogeza mbele tarehe ya bahasha. Hakuwahi kudanganya kazini kabla ya hapo.

Ilikuwa mwezi wa nane tangu miwani hiyo iwe tayari, saa saba mchana, mke wa Mzee alipoingia dukani na kukuta kaunta haina mtu, na nyuma ya pazia mume wake ananung'unika.

Hakukimbia. Yaliyofuata nyuma na mbele ya pazia lile ndiyo hadithi yenyewe, na Kimya aliibeba mwaka mzima bila kumwambia mtu. Kisha siku moja akaona tangazo kwenye mlango wa maktaba. Jumamosi moja kila mwezi, saa kumi alasiri, watu wa kawaida walisimama kusimulia jambo lililowapata. Kanuni zilikuwa tatu: liwe la kweli, liwe lako, usisome karatasi. Alilipita tangazo hilo mara nane. Mara ya tisa aliingia, na mkutubi akaandika jina lake.

Kwanza alikwenda kwa yule mjane kuomba ruhusa. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, na alimsikiliza Kimya mpaka mwisho akiwa anachambua mchele. "Isimulie," Mkunga akasema. "Lakini isimulie yote. Nusu yake itanifanya kichekesho."

Kisha akamwendea Kaka, maana nani mwingine angemfundisha kusimama mbele za watu? Jumapili ile walifunga madirisha ya sebule ili majirani wasisikie. Kimya alisimama kando ya televisheni akasimulia, na sauti zote zikamtoka: ya Mzee, ya Mkunga, ya Mpimaji anayetafuta funguo alizozishika. Kaka alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kochi. Halafu akaacha kucheka. Kimya alipomaliza, Kaka alimtazama kwa muda kama mtu aliyefungua chumba cha nyumba yake mwenyewe ambacho hakuwahi kujua kipo.

"Wewe," akasema. "Wewe ulikuwa na haya yote humo ndani, siku zote?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno tamu kuliko hilo.

"Ngoja nirekodi," Kaka akasema, "niisikilize vizuri, nikuonyeshe pa kupunguza." Kimya akasimama tena akaisimulia upya, kwa furaha, na pumzi zake zote.

Hayo ndiyo aliyoyakumbuka akiwa harusini, mkono umeshika glasi asiyoinywa.

Alimkuta Kaka nyuma ya ukumbi, tai imelegezwa, anajipangusa jasho shingoni. Kaka ndiye aliyewahi kusema.

"Umeionaje? Umemwona bwana harusi alivyolala mezani?"

"Ile ni yangu."

"Ndiyo, yako. Mbona nimesema mdogo wangu? Sikusema mimi."

"Jumamosi ijayo nilikuwa niisimulie, Kaka. Unajua."

"Na utaisimulia. Sasa ndiyo kwanza imepata jina. Nimekupigia debe."

"Hakukimbia."

"Nani?"

"Mama wa watu hakukimbia. Hakuna kiatu."

Kaka akacheka kidogo, akaangalia kama kuna mtu karibu. "Kimya, sikiliza. Hii ni harusi. Ulitaka niwasimulie mjane amekaa kwenye kiti anamuuliza marehemu maswali? Wangekimbia wao."

"Basi ungeiacha."

"Niiache ioze?" Akaweka mkono begani mwake, kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliokuwa mbaya zaidi. "Hebu sema ukweli. Ungeisema? Mbele ya watu? Wewe, ambaye mpaka leo unamtuma Mama akuulizie choo kiko wapi?"

Kimya akaitazama ile tai iliyolegezwa. Akaona kwamba Kaka amelichukua hilo kuwa hapana.

Nyumbani, Mama alikaa kitandani kuvua viatu. Alivua kimoja, akakaa na kingine mguuni.

"Usimchukie kaka yako," akasema.

"Simchukii. Namuuliza tu kwa nini."

"Aliniuliza mimi, mwanangu."

Kimya akasimama mlangoni.

"Alikuja Jumatano. Akaniambia, Mama, Kimya ana kitu kitamu lakini hataweza kukisema, ataganda. Akasema, na mimi Kengele watu wananiambia nimechuja, nasema yaleyale kila harusi. Nikamwambia kama ni hivyo, itumie. Wewe una kazi yako nzuri. Yeye maneno ndiyo jembe lake."

"Uliisikia?"

"Alinisikilizisha kwenye simu."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho." Mama akainamia kiatu kilichobaki. "Nililia, nisikudanganye. Pale anapouliza lile swali la hospitali, nililia sana."

Kimya alijaribu kulielewa hilo. Mama aliusikia mwisho, akalia kwa ajili ya mwisho huo, kisha akampa mtu ruhusa ya kuukata.

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungesema nini?" Mama akauliza, na hakuwa na ubaya wowote usoni. "Wewe husemi."

Siku hizi kicheko hakikai ukumbini. Mtu alikuwa amemrekodi Kengele, na kufikia Jumatatu klipu ilikuwa inazunguka kwenye simu za watu. Mpimaji aliitazama mara mbili akiwa amesimama kwenye kaunta, akasema, "Afadhali hakutaja duka," kisha akatia kufuli kwenye droo ya tatu. Wateja wawili walichungulia pazia wakicheka.

Jumanne asubuhi aliingia Mkunga. Hakusalimia. Alivuta kiti cha wateja, akakaa, akanyoosha miguu yake yote miwili mbele.

"Nimekuja kuuliza," akasema. "Kiatu nilichoacha kizingitini kilikuwa cha mguu gani? Maana nimehesabu viatu vyangu, vyote vipo."

"Mama, si mimi niliyesema vile."

"Najua si wewe. Sina shida ya masikio. Nimetumiwa hicho kitu na watu watatu. Wa tatu ni binti wa shemeji yangu, ameweka na vikatuni vya kucheka. Nataka kujua nani alimpa."

Kimya angeweza kusema kwamba iliibwa. Ilikuwa karibu na kweli.

"Mimi nilimpa," akasema.

"Kwa nini?"

"Ni kaka yangu."

Mkunga akaitazama mikono yake mikubwa. "Nimewapokea ndugu wengi kwa mikono hii, binti. Wanapita mlango mmoja. Zaidi ya hapo mimi sikuwahi kuona kitu kinachowafunga." Akasimama taratibu. "Jumamosi utasema nini?"

"Sijui kama nitasema tena. Wote wameshaisikia ile ya Kaka. Nikisimama wataniona mwizi."

"Basi nitabaki mimi niliyemkimbia mume wangu," Mkunga akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma kilichoandikwa kwenye kadi ya mgonjwa, akatoka.

Siku nzima mashine ilisaga na Kimya hakuwaza kingine. Mpaka Jumanne alidhani kilichoibwa ni chake peke yake. Sasa aliona kwamba kuna mwanamke mtaani ambaye watu wanamcheka kwa kumkimbia mtu ambaye yeye alitamani kumsikia tena kuliko wote, na kwamba ni mtu mmoja tu hai anayeweza kusema haikuwa hivyo, na mtu huyo huogopa kumwambia dereva asimame.

Ijumaa mkutubi alipiga simu. Alikuwa mtu mpole, na mpole akitaka kukataa huanza mbali. Alizungumzia hali ya hewa, feni mpya ya ukumbini, halafu akasema, "Kuna wawili wamenijia. Wanasema hadithi uliyoandikisha ni ya Kengele. Na unajua kanuni yetu, iwe yako."

"Ni yangu."

"Nakuamini. Lakini wao watakuwa wamekaa pale. Huna nyingine?"

"Sina nyingine," Kimya akasema, na akashangaa kuona sauti yake haikutetemeka. "Naomba nibaki."

Mkutubi akashusha pumzi. "Basi nitakuweka wa mwisho."

Chumba cha kusomea kilikuwa kimesukumiwa meza ukutani, viti vya plastiki arobaini vikapangwa. Kaka alikuja. Alikaa safu ya pili pamoja na Mama, amevaa shati lake la harusi, na watu walipita kumshika mkono. Alimwonyesha Kimya kidole gumba. Simu ilikuwa mkononi mwake tayari. Mkunga alikaa safu ya mwisho, karibu na rafu ya magazeti, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Mtu wa kwanza alisimulia jinsi alivyopotea ndani ya jengo la serikali. Wa pili, jinsi baba yake alivyojifunza kusoma. Kisha Kimya akaitwa, wa mwisho.

Akasimama. Akaanza na mashine, na nukta katikati ya lenzi, na droo. Alipotaja droo, mtu nyuma akanong'ona kwa nguvu, "Hii ya Kengele," na mwenzake akacheka. Kimya akaendelea. Akamleta Mzee na ubao wa herufi. Walicheka pale pa uzembe wa mchapaji, kicheko kizuri, na kwa dakika moja akaona kwamba anaweza.

Alipofika kwenye pazia, mwili wake ulitaka kuvuta ile pumzi ndefu. Hakuweza kuivuta. Ilikuwa imeshakuwa ya mtu mwingine. Angeivuta, ukumbi mzima ungesikia Kengele. Akairuka, na sentensi ikatoka kavu, na bado watu wakacheka, kwa sababu walikijua kinachokuja. Aliwaona wamejiinamisha mbele. Walikuwa wanasubiri kiatu.

"Hakuna kiatu," akasema.

Wakacheka zaidi.

"Hakukimbia," akasema.

Safu ya kwanza ikanyamaza, halafu ya tatu. Wachache waliendelea kwa mazoea, kisha wakajisikia wako peke yao.

"Nilikuwa nimevaa miwani yake, nanung'unika kama yeye. Nikasema mashine hii ina kelele kama kikao cha wapangaji. Ikatoka sauti upande wa pili wa pazia. Ikasema, 'Wewe kwani ni lini umewahi kupenda kelele isiyokuwa yako?'

"Nikaganda. Nikataka kuvua miwani. Sauti ikasema, 'Usifungue pazia. Endelea.' Nikamwambia, Mama, samahani sana. Akasema, 'Sikuzungumza na wewe.'

"Basi nikaendelea. Akaniuliza, 'Ufunguo wa kabati la bluu umeuweka wapi? Nimeutafuta miezi minane.' Nikamjibu kwa sauti ya Mzee, 'Wewe ndiye uliyeuweka. Mimi nilikuwa mtu wa kulaumiwa tu.' Akacheka. Nilimsikia akivuta kiti, akakaa. Akauliza mambo madogomadogo. Nani alimwambia fundi aje na rangi ile. Kwa nini hakuwahi kumaliza chai hata siku moja. Mimi nikajibu yote. Sijui majibu yalitoka wapi. Mimi ni mtu ambaye nikiulizwa saa naangalia chini."

Kimya hakuwa tena akimtazama mtu. Alikuwa anatazama pazia ambalo halikuwepo.

"Halafu akasema, 'Siku ile hospitali, nilirudi nyumbani kubadilisha nguo tu. Saa moja tu. Mbona hukunisubiri?'

"Mpaka hapo sikujua kuwa amekufa. Nilidhani amepotea tu, kama wateja wengine. Nilikuwa na sauti yake mdomoni, na miwani yake usoni, na ningeweza kusema kitu. Nilikuwa na maneno mazuri kabisa. Lakini hilo halikuwa langu kulijibu. Nikavua miwani. Nikasema kwa sauti hii mnayoisikia, 'Mama, mimi sijui.'

"Akasema, 'Asante. Hata yeye asingejua.' Nikafungua pazia. Nikampa miwani yake."

Akasimama hapo, hajui mtu anamalizaje. "Ni hivyo tu," akasema, akarudi kukaa.

Makofi yalikuja yamechelewa, na hayakuwa mengi kama ya harusini. Mama alikuwa amefunika uso. Watu walipoanza kutoka, Kimya alimsikia mwanamume mmoja akimwambia mwenzake mlangoni, "Nzuri, lakini ile ya Kengele inachekesha zaidi." Mwenzake akakubali.

Mkunga alisimama mbele yake, mkoba begani.

"Umempunguzia mume wangu ukorofi," akasema. "Leo umemfanya mpole mno. Ukirudia siku nyingine, mrudishie ukorofi wake."

"Nitamrudishia, Mama."

Mkunga akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake, akimwita binti wa shemeji yake aliyekuwa anamsubiri nje, kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima kusikia.

Kaka alimngoja kwenye ngazi. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, na kwa dakika moja Kimya alifikiri kwamba ameelewa.

"Umewashika," Kaka akasema. "Kweli nakwambia, pale pa hospitali umewashika. Sasa nimeona. Mwisho wako na mwanzo wangu, tukiviunganisha, dada, tunaweza kuzunguka navyo mji mzima. Nimerekodi yote." Akaipiga simu kidogo kwa kiganja. "Ila nimeumia kitu kimoja. Mbona hukunitaja? Watu wote wale wananijua. Ungesema tu, kaka yangu ndiye aliyenifundisha kusimama. Umenifanya kama sipo."

"Ni hadithi ya kweli, Kaka," Kimya akasema. "Hukuwapo."

Kaka akafungua mdomo. Alikuwa na neno kwa kila tukio, kwa mvua wakati wa picha, kwa keki iliyoanguka, kwa bwana harusi aliyechelewa saa tatu. Akaufunga.

"Futa," Kimya akasema, akanyoosha mkono kuelekea simu. "Ya leo na ya ile Jumapili."

Kaka akazifuta mbele yake, moja baada ya nyingine, kama mtoto anayetema kitu. "Haya. Zimetoka." Kisha, taratibu, bila kumtazama, "Lakini kichwani ninazo. Hilo nifanyeje?"

"Najua," Kimya akasema.

Mama akawaita kutoka getini, gari linakuja, wafanye haraka. Kimya akawaambia watangulie, yeye atatembea. Akabaki kwenye ngazi za maktaba. Alitaka kumsimulia mtu ilivyokuwa pale mbele: jinsi miguu ilivyomkana, jinsi ile safu ya kwanza ilivyonyamaza, jinsi alivyosikia sauti yake mwenyewe ikitoka na ikamtosha. Alitaka kumwambia mtu sasa hivi, kabla haijapoa, mtu wa kumsikiliza mpaka ateleze kwenye kochi.

Mtu wa kwanza aliyemjia akilini alikuwa Kaka. Akamtazama akivuka barabara na Mama, mkono mmoja hewani, tayari anamsimulia.